Rangi ya Damu ya Mzee

Mwanangu Anisia,

Salamu naziruka, maana tuko nyumba moja na asubuhi umenisalimia kwa mikono miwili kama unavyonisalimia siku zote. Mambo ya safari nayo nayaruka. Utashuka wapi Tabora, nani atakupokea, maharage yako kwenye ndoo gani na unga kwenye ndoo gani, yote mama yako amekwambia hadi umeanza kumcheka. Mimi nina jambo moja tu, na ni baya.

Jumanne iliyopita ulikaa barazani ukajaza ile fomu ya afya ya chuo. Walipouliza kama una ulemavu na umetokana na nini, uliandika bila kusita: "Jicho la kushoto. Ajali ya utotoni. Uzembe wangu mwenyewe." Nilikuwa nimesimama nyuma yako, nayasoma hayo maneno kwa mwandiko wako mzuri ulionyooka. Kisha ukainua kichwa ukaniuliza, "Baba, ilikuwa mwezi wa sita au wa saba?"

Nikakujibu, "Wa saba."

Hilo tu. Nikajibu mwezi, nikaingia ndani. Nimekaa na jibu hilo tangu Jumanne.

Sijui unakumbuka nini, Anisia. Ulikuwa na miaka kumi na minne, na mtoto wa umri huo hasahau. Lakini miaka sita nimeifanya kazi ya kukusahaulisha, na pengine nimefaulu. Kama umesahau, nakurudishia. Kama hujasahau na umekuwa ukiubeba uongo wangu kwa heshima tu, basi ujue kuwa najua. Na mwishoni kuna jambo jingine ambalo hukuwahi kulijua hata kidogo. Nalo nitaliandika.

Unaikumbuka ile pikapu. Niliinunua ikiwa nyeupe, lakini weupe wake ulikuwa wa kusimuliwa. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani umetoka gari jingine, boneti ilikuwa imebabuka kama mgonjwa wa surua, na chini ya milango kutu ilitoboa matundu ya kupitisha kidole. Ilikuwa inafanya kazi. Ilitoa maharage na mihogo mikavu hapa Heru Juu ikafikisha sokoni Kasulu, mvua na jua. Ningeiacha ilivyo tungeendelea kula.

Lakini watu waliicheka. Jumapili moja baada ya misa, mtu mmoja ninayefanya naye biashara, wa kule Buhigwe, alisema mbele ya wenzake, "Baba Anisia, gari lako limevaa viraka vingi kuliko suruali ya kibarua." Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilicheka sana, hadi nikafuta machozi. Nilipofika nyumbani, mama yako aliniwekea chakula, nikamwambia ugali mbichi, nikaisukuma sahani ikaanguka. Ugali haukuwa mbichi.

Hapo ndipo ningependa uanze kunijua. Mimi si mtu wa kukasirika pale nilipoumizwa. Nakasirikia nyumbani.

Wiki ile ile ukoo ukanichagua kuwa msemaji wa mahari ya binamu yako kule Kakonko. Kwangu ilikuwa heshima kubwa. Unajua sisi ni watu gani. Babu yako aliingia nchi hii kutoka Burundi na sufuria moja na mkeka, akalala kwenye hema miaka, akafa akiwa na karatasi yake ya uraia ameifunga kwenye nailoni ndani ya sanduku. Mimi mwana wa mtu wa hema nitasimama mbele ya wakwe na kusema kwa niaba ya ukoo. Nikaapa sitafika Kakonko na gari la viraka. Nitalipaka rangi, na nitalipaka mwenyewe, hapa hapa uani, kwa mkono wangu.

Sikuwa nimewahi kupaka rangi hata kiti. Nilitazama video kwenye simu siku mbili tatu usiku nikajiona fundi. Nikaenda Kasulu nikanunua misasa, pati ya kuzibia matundu, praima ya kupaka chini, thina ya kuyeyushia rangi, na makopo ya rangi nyekundu iliyoiva, ile wanayoiita damu ya mzee. Muuzaji aliniuliza, "Fundi wako ni nani?" Nikamwambia, "Unamwona hapa."

Ulikuwa likizo. Nikakupa msasa.

Siku nne ulisugua gari zima kwa mkono, msasa na maji, msasa na maji. Mimi nilikuwa napita na kusema hapa bado, hapa rudia. Siku ya tatu ncha za vidole vyako zilikuwa zimetoka ngozi, maji ya ndooni yakawa na wekundu kidogo. Mama yako akasema, "Baba Anisia, mtoto apumzike basi." Nikamjibu mbele yako, "Chakula anachokula hapa hakipumziki." Ukainamisha kichwa ukaendelea. Niliona vidole vile. Nataka ujue kuwa niliviona. Nilijiambia nakufundisha kazi, lakini ukweli ni kwamba nilipenda kuona mtu ananiogopa kiasi cha kusugua bati na vidole vyenye damu. Kule kanisani hakuna aliyeniogopa.

Pati yenyewe niliiharibu mimi. Nilizidisha dawa ya kukaushia, ikagandia kwenye kopo kabla sijafika gari. Nikasema umeacha kopo juani. Kutu sikuikata, niliiziba tu juu juu, mtu anavyofunika kidonda kwa plasta bila kukisafisha. Kila nilipokosea nilikuwa na jina lako mdomoni.

Sasa nimtaje Papa Amani, maana bila yeye hadithi hii ningeweza kuipinda hata leo.

Papa Amani alikuwa Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alikuwa akija huku kwetu kufanya vibarua vya kulima, mtu mrefu mwenye koti la kijani lililokatika mikono. Kwao Bukavu alikuwa fundi wa rangi za magari. Siku moja akitoka kulima alisimama kwenye ua wetu wa minyaa akatazama kazi yetu kwa muda. Kisha akasema kwa kile Kiswahili chao, "Muzee, samahani. Hii gari iko na mafuta kwenye boneti. Uioshe na sabuni, kisha thina na kitambaa safi. Kama hapana, rangi itakataa."

Nikamwambia, "Nimekuuliza?"

"Hapana, Muzee. Niko nasema tu. Nilifanya hii kazi miaka mingi. Na mutoto avae miwani, asisimame karibu na ile dawa."

Alikuwa anatoa bure kitu nilichokihitaji kuliko vyote. Nami nikamwambia, "Rudi kambini ukapake hema."

Ulicheka, Anisia. Kicheko kidogo cha woga, kwa sababu ulidhani ndicho ninachotaka. Nikafurahi ulipocheka. Mwana wa mtu wa hema akamtukana mtu wa hema, na mjukuu wa mtu wa hema akacheka. Papa Amani aliinua jembe lake akaenda.

Jumatano ndiyo siku yenyewe. Kompresa na bunduki ya kupulizia rangi nilivikodi Kasulu, vikaja juu ya bodaboda vimefungwa kwa mpira. Nikatundika turubai upande wa upepo, nikabandika magazeti kwenye vioo. Mama yako alikuwa shambani na wadogo zako. Tulikuwa wawili. Nilikwambia uniletee kitambaa safi cha kufutia boneti. Ukaleta kipande cheupe cha shuka, kisafi, ukakiweka juu ya tairi. Mimi mikono ilikuwa imejaa vitu. Nikanyoosha mkono nyuma bila kutazama, nikachukua kitambaa kingine, kile nilichofutia injini asubuhi. Nikaifuta boneti nzima kwa mafuta.

Mlango wa kwanza ulikubali. Wa pili ukakubali. Rangi ikakaa inang'aa kama maji, nami nikaanza kuimba. Nikafika kwenye boneti. Sekunde chache tu rangi ikaanza kukimbia. Ikajifungua vitobo vidogo vidogo, mamia, kama uso wa mtu mwenye ndui. Nikazidisha rangi ili kuvifunika, ikachuruzika hadi chini, michirizi mirefu mbele ya gari, pale pale wakwe wangeangalia kwanza.

Nikazima kompresa. Nikageuka. "Umenipa kitambaa gani?"

"Kile cheupe, Baba."

"Nimekuuliza umenipa kitambaa gani!"

Lakini ulisema. Hadi leo sijui ulipata wapi nguvu za kusema. "Baba, nilikupa cheupe. Kipo pale juu ya tairi. Hicho ulichonacho umekitoa kwenye injini."

Nikatazama. Kile cheupe kilikuwa pale, kimekunjwa vizuri, hakijaguswa.

Na nyuma ya minyaa sauti ikasema polepole, "Mutoto anasema ukweli, Muzee. Nimeona." Alikuwa Papa Amani, amerudi kwenye kibarua chake, amesimama na jembe begani.

Mkononi nilikuwa na kopo la thina, limejaa zaidi ya nusu. Sikulitupa chini, wala ukutani. Nilikutupia wewe usoni, kwa nguvu, kutoka hatua nne. Ukingo wa kopo ulikupasua nyusi, na thina ikaingia yote kwenye jicho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Halikukuponyoka, na hukuwa unafungua kopo. Hukugusa kopo lolote siku ile.

Papa Amani aliruka ua. Alikukamata kichwa, akakulaza kwenye nyasi, akachukua ndoo ya maji ya kunywa akaanza kukumiminia jichoni huku anakwambia, "Fungua jicho, mama. Usifunge. Najua inauma. Fungua, fungua." Ulikuwa unapiga kelele ambazo sikujua mtoto anaweza kuzitoa. Alimimina ndoo nzima, akaniambia nilete nyingine. Unajua nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nimegeuka, naitazama boneti, naona kama ile michirizi inaweza kufutwa kabla haijakauka.

Nikamletea ndoo ya pili. Alipomaliza akasema, "Apelekwe lopitali sasa hivi."

Nikamwambia, "Alikuwa anafungua kopo, likamrukia."

Akanitazama. "Mimi nimeona ingine."

"Kibali chako cha kutoka kambini kiko wapi? Nionyeshe."

Hakuwa nacho. Nilijua hana, vibarua wengi hawakuwa navyo. Tulikuwa tukiwalimisha hivyo hivyo. Alibaki na ile ndoo tupu mkononi, mikono yake imelowa hadi kwenye viwiko. Kisha akaiweka ndoo chini polepole, akaokota jembe lake. Huyo ndiye mtu aliyekuokolea kiasi cha jicho kilichookoka. Daktari mwenyewe alisema: bila yale maji lingeoza lote.

Tulipanda bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma yako, umeshika kitambaa chenye maji usoni. Kile cheupe. Njiani nikakuinamia sikioni. Maneno niliyokwambia nayaandika kama yalivyokuwa: "Mama yako ana presha. Akijua nimekupiga atakufa. Utakuwa wewe umemuua." Mama yako hakuwa na presha, Anisia. Alikuwa mzima kuliko mimi.

Hospitali wakakuuliza. Ukasema, "Nilikuwa nafungua kopo." Muuguzi akakupa pole, akasema watoto wa kike siku hizi mnajifanya mafundi.

Mama yako akafika jioni, anakimbia, ana udongo miguuni. Aliposikia, hofu ikamtoka kama hasira, na akakuchapa kofi, wewe uliyefungwa bandeji. "Mara ngapi nimekwambia usishike vitu vya baba yako!" Ukainamisha uso upande wa jicho zima, ukaanza kulia kwa hilo moja. Nilikuwa mlangoni. Nikasema kwa sauti ya upole, "Basi, Spesioza. Inatosha. Ni mtoto." Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanitazama kwa heshima. Nikaonekana baba mwenye huruma.

Hadi hapo pengine ulikuwa unajua. Sasa lile usilolijua.

Daktari aliniita pembeni peke yangu. Alisema kioo cha mbele cha jicho kimeungua na kimekwaruzika, na yeye hana vifaa. Akaandika karatasi ya kwenda hospitali kubwa Kigoma mjini. Alisema, "Kesho. Ikishindikana kesho, keshokutwa asubuhi. Usipitishe hapo, mzee, kila siku inayopita kovu linajijenga." Akaniuliza kama nina usafiri. Nikamwambia ninalo gari langu mwenyewe.

Kesho ilikuwa Alhamisi. Alhamisi niliikwangua boneti, nikaiosha kwa sabuni, kisha thina, kwa kitambaa safi, kama Papa Amani alivyosema, nikaipaka upya. Ilikubali. Ijumaa niliiacha ikauke. Jumamosi nilikwenda Kakonko. Karatasi ya daktari ilikuwa mfukoni mwa koti la suti.

Mama yako nilimwambia kwamba daktari amesema tusubiri uvimbe ushuke, twende Jumatatu. Akaamini. Wewe ulikuwa umelala chumbani umefunikiwa dirisha kwa kitenge, kwa sababu mwanga ulikuchoma. Nilipokuwa natoka ulisikia mlio wa gari ukaniuliza kupitia ukutani, "Baba, limependeza?" Nikasema limependeza.

Tulisimama Kibondo kunywa soda, watu wakalizunguka gari. Kakonko wakwe walitoka nje kulitazama. Mzee mmoja akapitisha kiganja kwenye boneti akaniuliza fundi ni nani. Nikasema ni mimi. Nikawasimulia na habari yako, kama kisa cha kuchekesha, jinsi binti yangu alivyotaka ufundi akafungua kopo bila ruhusa. Nikamaliza kwa kusema, "Watoto wa siku hizi hawasikii." Wakatikisa vichwa. Mahari ilikwenda vizuri. Nilipigiwa makofi.

Jumatatu, Kigoma, daktari wa macho alikumulika kwa muda mrefu. Kisha akatazama tarehe kwenye ile karatasi, akanitazama mimi, akatazama tena tarehe. Alisema, "Mngekuja siku ile mlipoandikiwa, ningekuwa na la kufanya." Wewe ulikuwa umeshatolewa nje na muuguzi. Nikamwambia tulikosa usafiri. Gari lilikuwa limeegeshwa dirishani kwake, linang'aa.

Kwa hiyo jicho lako nimelitoa mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira, na mtu anaweza kusema hasira ni kichaa cha muda. Ya pili ilichukua siku tano, kwa akili timamu, nikiwa nimeoga na kuvaa tai.

Rangi ile haikumaliza masika ya pili. Kutu niliyoifunika iliendelea kula kwa ndani, ikainua rangi kama maganda ya kitunguu, milango ikatoboka tena pale pale. Nikaliuza gari kwa mtu wa Buhigwe, likaondoka. Kilichobaki hapa ni utani. Kikombe kikivunjika: "Anisia na makopo yake." Sufuria ikianguka: "Mwulizeni fundi rangi." Ni mimi niliyeuanzisha na ni mimi niliyeulisha. Wadogo zako walikua wakidhani ni utani wa mapenzi. Nawe ulikuwa unatabasamu. Ukajenga tabia ya kusema samahani kabla mtu hajakuuliza kitu. Mtu akiingia chumbani tu, wewe "samahani". Mama yako anasema umelelewa vizuri. Mimi nikisikia lile neno najua lilikotoka.

Sina busara ya kukupa, lakini nina vitu vichache nilivyoviona kwa kuwa mtu mbaya kwa karibu. Mtu akikwambia kwa haraka sana kwamba kosa ni lako, kabla hata hamjaangalia kilichovunjika, tazama mikono yake. Mwanamume anayesifiwa na watu wote wa nje, usimkatae kwa hilo, lakini nenda kwao siku asiyokutegemea, uone watoto wanakaa vipi anapoingia. Na ile siku uliposema "Baba, nilikupa cheupe", ulikuwa sahihi. Ulilipia, lakini ulikuwa sahihi. Sikutaka uende Tabora ukidhani kuwa kusema kweli ndiko kulikokuponza. Aliyekuponza ni mimi. Ile sauti yako iliyosema kweli siku ile, niliyeizima ni mimi, na sina uwezo wa kuiwasha. Utaiwasha mwenyewe, mbele ya watu nisiowajua.

Juzi Alhamisi nilikwenda kumtafuta Papa Amani. Niliuliza uliza kwa watu wa kambi wanaouza vitu vidogo vidogo kando ya barabara, hadi nikamkuta ameketi juu ya ndoo, anauza sabuni za vipande. Amezeeka. Alinijua kabla sijasema.

"Yule mutoto, jicho lake?"

"Moja halioni."

Akazipanga sabuni zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Mutoto mwenyewe umemuambia?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza, kuomba msamaha."

Akacheka kidogo, lakini hakufurahi. "Ile ya kuniambia nirudi kambini, nilisahau zamani. Tumeambiwa mabaya kupita ile. Lakini ile ya mutoto haiko yangu, Muzee. Unanikuja mimi kwa sababu mimi niko rahisi. Unataka nikupe kitu haiko yangu."

Nikasimama pale kama mtu aliyekosea nyumba. Mteja akaja, akamhudumia. Alipogeuka akaniona bado nipo, akasema, "Nenda kwako." Sikujua kama ananifukuza au ananishauri. Nimeamua kwamba ni yote mawili.

Leo mchana, ulipokwenda mjini kukata tiketi, nilimfuata mama yako kwenye maharage. Nikamwambia kila kitu nilichoandika hapa, kwa mpangilio huu huu, na karatasi ya daktari sikuisahau. Hakulia. Aliketi kwenye tuta na shina la maharage mkononi, akaniacha niseme hadi mwisho. Kisha akauliza kwa lugha yetu ya nyumbani jambo moja tu. "Siku nilipompiga, ulikuwa umesimama pale?"

Nikasema, "Nilikuwa mlangoni."

Akaendelea kung'oa maharage. Aling'oa mstari mzima, nami namfuata kwa macho, sijui niondoke au nibaki. Alipofika mwisho wa mstari akasema bila kugeuka, "Kofi langu nitaliomba radhi mwenyewe, njiani, tukiwa wawili. Wewe andika ya kwako. Na kesho humsindikizi."

Nilitaka kubisha. Nilitaka kusema mimi ndiye baba, nani atapandisha sanduku juu ya basi, watu wa stendi watasemaje. Nikasikia nilivyoanza tena na watu watasemaje, nikafunga mdomo.

Kwa hiyo kesho ukinitafuta uani hutaniona. Nitakuwa chumbani na mlango umefungwa, na nitawasikia mkitoka. Usije kugonga kwa ajili ya heshima. Umenipa heshima miaka sita bila mimi kustahili, inatosha. Ukitaka kuandika siku moja, andika. Ukitaka kunitukana, andika vilevile, nitasoma. Ukinyamaza, nitaelewa ukimya, na sitamtuma mtu kunisemea kwako.

Barua hii sitakupa kwa mkono wangu. Atakukabidhi mama yako ndani ya basi. Amesema ataisoma yeye kwanza, aone kama nimepunguza kitu.

Sijapunguza.

Baba yako,
Nestori